Trizah Amejifungua Mapacha

“Trizah amejifungua. Mapacha. Mmoja mweupe, mwingine mweusi tii, na huyo mweusi ni damu yako kabisa, huwezi kukana. Njoo uwachukue kabla ya Jumamosi ama nawapatia Sydney.”

Nabwire alisoma ujumbe huo mara tatu. Simu haikuwa yake. Ilikuwa ya Omoding, mchumba wake, aliyeiacha ikichaji kwenye kaunta ya duka la Nabwire la dawa za mifugo hapo Busia mjini, akaenda nyuma kunawa mikono. Aliyetuma alikuwa ameandikwa “Selpher Malaba”.

Na leo ni Alhamisi. Jumamosi hiyo hiyo wazee wa kina Omoding walikuwa watoke Malaba waje Mundika, nyumbani kwa baba yake Nabwire, kumposa. Mama alikuwa ameshatenga majogoo.

“Dada, uko sawa?” aliuliza mama mmoja aliyekuja kununua dawa ya kupe.

“Niko sawa, mama. Hii unachanganya na maji, usome hapo nyuma.”

Hakuwa sawa hata kidogo. Alijaribu kujituliza. Kazi ya Omoding ni kupandisha ng'ombe za watu kwa mrija wa mbegu, kutoka Bumala mpaka Malaba, kwa hivyo labda ni ng'ombe wa mteja. Lakini ng'ombe gani anaitwa Trizah? Na tangu lini ng'ombe akajifungua? Ng'ombe anazaa. Anayejifungua ni mtu.

Omoding akarudi, anajipangusa mikono kwa suruali.

“Trizah ni nani?”

Mikono ikabaki pale pale kwa suruali.

“Umeshika simu yangu?”

“Nimekuuliza Trizah ni nani.”

“Nabwire, si vile unafikiria.”

“Mapacha, Omoding. Na mmoja huwezi kukana.”

“Nitakuelezea yote. Lakini si hapa, na si kabla ya Jumamosi.”

“Kwa nini si kabla ya Jumamosi?”

“Kwa sababu baba yako akisikia, wazee wangu hawataingia kwake.”

Sasa jamani, mwanamume akishasema hivyo, wewe unabaki kuuliza nini tena? Nabwire alichomoa simu kwenye chaji, akamwekea mkononi.

“Basi wasiingie,” alisema. “Wapigie waambie wakae kwao.”

Omoding akapanda pikipiki yake akaenda. Alichokuwa hajui ni kwamba Nabwire alikuwa ameshaandika namba ya huyo Selpher nyuma ya risiti.

Usiku huo hakulala. Ijumaa asubuhi, kabla hata ya kufagia duka, akapiga.

“Hallo, naongea na Selpher?”

“Madam Selpher. Wewe ni nani mwenzangu?”

Ilikuwa sauti ya mtu mzima. Nabwire akajua huyu sasa ndiye mama ya msichana.

“Ni mimi Nabwire. Mchumba wa Omoding.”

“Nabwire. Huyo kijana amekusifu mpaka nimechoka. Habari yako?”

“Nzuri. Madam, nimesikia Trizah amejifungua.”

“Salama kabisa. Huu ni uzao wake wa tano.”

“Wa tano?” Nabwire alikaa juu ya gunia la pumba. “Na wote ni wa Omoding?”

“Wote. Mimi nawalea tu, kwake kumejaa.”

“Na huyo Sydney?”

“Sydney alimtaka sana huyo Trizah, lakini Omoding alikataa katakata. Anampenda kupita kiasi. Wewe kuja tu uwaone. Ukifika Malaba uliza kwa Madam wa Baiolojia, nyuma ya kanisa.”

Nabwire alifunga duka. Kama ni kulia, alitaka alie akiwa ameona kwa macho yake.

Nyumba ya Madam Selpher haikuwa mbali na barabara, honi za malori zilisikika mpaka sebuleni. Mwenyewe alikuwa mama wa karibu miaka sabini, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na mapajani ana tableti.

“Wako wapi?” Nabwire aliuliza kabla ya kukaribishwa kiti.

“Hawa hapa.”

Madam akageuza tableti. Kwenye kioo kulikuwa na mbuzi jike mweupe anatafuna nyasi, na vitoto viwili vinarukaruka kando yake, kimoja cheupe, kimoja cheusi. Juu ya kichwa cha huyo mbuzi jike kulikuwa na jina: TRIZAH.

“Huyu ndiye Trizah?”

“Ndiye.”

“Ni mbuzi.”

“Kwani ulitaka awe nani?”

Nabwire alicheka. Akacheka mpaka akaanza kulia, akalia mpaka akarudi kucheka, na Madam akamwacha amalize. Jiwe lililomkaa kifuani tangu jana lilikuwa limetoka.

“Lakini madam, kwa nini uliandika amejifungua? Mbuzi anazaa.”

“Mbuzi za watu wengine zinazaa. Zangu zinajifungua. Nimefundisha miaka thelathini na nne, usinichagulie neno.”

Chai ikaletwa, na maelezo yakaja nayo. Omoding alikuwa mwanafunzi wake. Madam alipostaafu akakaa nyumbani akichoka na ukimya, kijana akasema watafute gemu ya kuzalisha wanyama, wacheze pamoja na Sydney, mwanafunzi mwenzake.

“Tulitafuta karibu mwaka mzima,” Madam alisema. “Moja unapaka ng'ombe rangi tu kama kucha. Ingine kila ukigusa unaletewa matangazo. Kuna moja nilizalisha kondoo wawili weupe nikapata kondoo wa zambarau. Nikaifuta hapo hapo. Hii ndiyo ya ukweli. Mtoto anachukua nusu kwa baba, nusu kwa mama, na kuna mambo yanajificha mpaka wajukuu. Mwanangu, ni tamu. Unaweza kuunguza ugali.”

“Sasa Omoding alinificha nini?”

“Si ni hilo neno gemu. Aliniambia kwenu halitajwi.”

Nabwire akaelewa. Busia ukisema mtu anacheza gemu, hakuna anayefikiria mbuzi, watu wanafikiria kubeti. Kaka yake Quinton alianza hivyo hivyo, “ni gemu tu”, mpaka siku aliyovusha ndama wa baba yake mpaka Uganda akamuuza, na yeye mwenyewe hakurudi. Tangu hapo baba yao, Mzee Barasa, aliapa kuwa mtu wa gemu hatamwoa binti yake.

Akampigia Omoding palepale.

“Wewe ni mjinga,” alimwambia.

“Uko wapi?”

“Kwa Madam. Nimewaona mapacha. Huyo mweusi ni mzuri.”

Upande wa pili akasikia mtu anashusha pumzi ndefu.

“Kwa hivyo tuko sawa?”

“Mimi na wewe tuko sawa. Uliwapigia wazee?”

“Nilishindwa. Nilishika simu nikaiweka chini.”

“Vizuri. Sasa kuja Mundika jioni umwambie mzee mwenyewe. Mimi siolewi na siri, hata kama ni ya mbuzi.”

Jioni Mzee Barasa alikuwa bomani anawapa mbuzi wake maji. Omoding alisimama mbele yake kama mtoto aliyevunja sufuria.

“Mzee, kuna kitu nataka ujue kabla ya kesho. Mimi nacheza gemu.”

Mzee akaweka ndoo chini.

“Nabwire, ulijua?”

“Nimejua leo, baba. Msikilize kwanza.”

“Unaweka pesa ngapi?” Mzee aliuliza.

“Siweki kitu, mzee.”

“Ukishinda unapata nini?”

“Mbuzi mzuri.”

“Wa kuchinja?”

“Hapana. Wa kwa simu.”

“Na ukishindwa?”

“Mbuzi mbaya.”

Mzee alimwangalia binti yake, akitaka kujua kama huyu mchumba ni mzima. Omoding akatoa simu. “Huyu ni Trizah, mweupe. Dume pia mweupe. Na huyu ndiye mtoto wao.”

Mzee alishika simu mbali na macho. “Mweusi? Basi dume la jirani liliruka ua.”

“Kwa gemu hakuna jirani, mzee. Baba na mama wote wamebeba weusi, umejificha ndani. Wawili kama hao wakikutana, unaweza kutokea kwa mtoto. Mimba yao ni siku moja tu, nikiwapandisha leo, kesho unaona mwenyewe.”

Mzee akageuza shingo. Nyuma yake, katikati ya mbuzi wake weupe, kulikuwa na kitoto kimoja cheusi. Kwa ajili ya hicho kitoto alikuwa hajasalimiana na Oundo, jirani yake mwenye dume jeusi, tangu Krismasi.

“Rudia,” alisema.

Omoding akarudia pole pole.

“Kwa hivyo dume la Oundo...”

“Pengine halijaruka hapa hata siku moja.”

“Na mimi nilimtusi mtu mbele ya kanisa.” Mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha mzee akainuka, akaenda mpaka kwenye ua.

“Oundo, uko? Kesho kuja tukunywe chai. Nina wageni, na nina neno lako.”

Akamgeukia Omoding. “Wazee wako waje. Na hiyo simu uje nayo ikiwa na chaji.”

Nabwire alilala usingizi mzito usiku huo.

Jumamosi sebule ilijaa. Oundo alikaa karibu na mzee, wamesameheana. Mzee Ejoku, mjomba wa Omoding, akasimama, akakohoa, akaanza.

“Sisi tumetoka Malaba. Tumeona ua katika boma hili...”

Mzee Barasa akainua mkono. “Ngoja kidogo, Ejoku.”

Nyuma ya pazia Nabwire alishika mkono wa mama yake mpaka mama akaguna.

“Kuna shida, mzee?” Ejoku aliuliza.

“Hakuna shida. Binti ni wenu, hilo nilishakubali jana.” Mzee hakuinua macho kutoka kwenye simu ya Omoding. “Lakini tunyamaze kwanza. Trizah anajifungua.”