Mti wa Kujaribia

Nililiamkia gunia.

Ndiyo, mimi, mtu mzima mwenye kitambi, niliyepotea Guangzhou nikarudi salama. Jua lilishazama Ilongero, nami nimefuata chaja yangu kwa rafiki yangu Clement. Kibarazani nikaona mtu kakaa, kajifunika kanga. Mama yake huyo, nikajua. Nikainama.

"Shikamoo, mama."

Nikarudia, kwa adabu zaidi.

"Mughwai, unaamkia alizeti!" Clement alicheka dirishani.

Nikacheka nami. Kisha chumba cha pili kikaitika...

"Marahaba. Umekula, baba?"

Nikaganda. Mama Clement, aliyelazwa chumba hicho, hajatamka neno tangu apigwe kiharusi. Na ile sauti... ilikuwa ya mama yangu, aliyeko Ikungi. Swali lake lilelile, aliloniuliza kwenye simu hata nikiwa China.

Ndani palinuka nywele zilizoungua. Clement alikuwa amesharudi kwenye kompyuta. Mwaka mzima tulikuwa tunabuni lugha ya kuandikia programu kwa Kiswahili. Amri tuliyojivunia ni "tandaza": uipe chombo chochote, gunia la namba au mti wa majina, pamoja na kitendo kimoja. Kitendo kitampitia kila aliyemo. Chombo hakibomoki; kilichomo ndicho hugeuka.

Majuzi aliomba mti wa kujaribia. Nikampa ukoo wangu, huku nikitania: mama juu, chini yake dada Yunisi, kisha mimi, kitinda mimba.

Sasa majina yetu yalikuwa kwenye kioo. Pembeni, kitendo: "chukuaSauti".

La mama lilikuwa limefifia.

Nikampigia. Akapokea. Nikasikia kuku wakigombania pa kulala, chungu kikitokota... na pumzi.

Pumzi tu.

"Mama?"

"Unapiga simu ya nini," sauti yake ikauliza kutoka chumba cha pili, "na mimi nipo hapa?"

Jina la Yunisi likafifia. Kule chumbani kikaanza kicheko cha dada yangu, kile chenye kikohozi mwishoni.

Nikarukia waya, nikachomoa. Kompyuta haikuzima. Betri... nilimnunulia mwenyewe, Nairobi, zawadi.

Koo likaanza kukauka. Ndiyo maana haya nayaandika. Siku hizi hata mbuzi wangu nawaita kwa kugonga kopo. Ila swali moja lilinitoka kabla jina langu halijafifia, na ndilo la mwisho.

"Clement, tumekula sahani moja. Kwa nini watu wa kwangu?"

Hakugeuka.

"Wa kwangu walishakwisha."