Kawa la Manjano

Kulusum wa mtaa wa Oli, mjini Arua, alisuka makawa ya kufunikia chakula. Fadhul, mwenye duka la dawa, alikuwa amemwagiza kawa moja zuri kwa karamu ya bintiye. Lakini mwaka huo wa 1975 rangi ilikuwa haipatikani madukani, sawa na sabuni na chumvi.

Siku moja Kulusum aliona makopo ya vidonge vya manjano jalalani, nyuma ya duka la Fadhul, akachukua moja. Akalowesha kidonge kimoja. Lahaula! Rangi ikakolea. Akachemsha ukili kwa vidonge hivyo, akashona kawa la Fadhul, na vilivyobaki akaviacha chini ya kitanda.

Mwanawe mdogo, Medina, akavila akidhani ni peremende. Alitapika mpaka akalegea.

Celestina, jirani yao, nesi wa hospitali, alikuja mbio.

"Amekula nini?"

"Vidonge ya rangi, Sista."

"Rangi gani? Hii dawa ya malaria, tena imeisha muda! Lete kopo, daktari aone. Twende hospitali sasa hivi!"

Medina alipona. Kulusum hakupoa. Alijichukia mwenyewe, na kumchukia Fadhul zaidi.

"Hizi zingine nitupe mtoni?" alimuuliza Celestina.

"Usithubutu! Watu wanakunywa maji ile. Usichome pia, moshi yake mbaya. Dawa mbovu inarudi hospitali, huko wanajua kuiharibu. Na sufuria ile usipikie tena."

Kulusum alibeba kawa, moja kwa moja mpaka dukani. Wateja walikuwa wamejaa.

"Mashallah!" Fadhul alilipokea kwa mikono miwili. "Rangi hii umepata wapi?"

"Jalalani kwako. Ni dawa yako ile mbovu."

Fadhul alilitupa kauntani.

"Eh! Hii haiwezi kufunika chakula ya watoto yangu!"

"Kumbe unajua!" Kulusum alifoka, machozi yakimtoka. "Na Medina yangu je? Yeye iko mbuzi, ale jalalani?"

Fadhul alitoka na gunia, akaokota kila kidonge jalalani mwenyewe, jua kali likimchoma.

Sasa dukani kwake kuna sanduku lenye kufuli. Watu wanarudishia dawa mbovu humo, na Fadhul analipeleka hospitali. Lile kawa la manjano lilitangulia kupelekwa huko.

Siku ya karamu, chakula kilifunikwa kwa kawa jingine jeupe, lisilotiwa rangi hata kidogo. Kulusum alilifunua mwenyewe. Wa kwanza kupakuliwa alikuwa Medina.