Upande wa Kulia Juu

Thuwaiba alivua ndala mlangoni, akainama, akazigeuza ili vidole vitazame nje. Nura, aliyekuwa nyuma yake na mfuko wa mchele, akasimama. Nyumbani kwao Kinindo hakuna aliyewahi kupanga ndala hivyo. Hivyo hupanga watu wa Kyushu, kisiwa cha Japani alikosomea miaka minne, na dada yake hakuwahi kukanyaga huko.

"Nani amekufundisha hiyo?"

Thuwaiba akapita ndani. Alikuwa amevaa yukata, joho la pamba la buluu na nyeupe ambalo Nura alimletea kama zawadi ya harusi. Ijumaa ya wiki ile Thuwaiba angeolewa. Joho lilitoa harufu ya ubani, lakini si ubani wa nyumba yao. Ilikuwa harufu ya vile vijiti vyembamba ambavyo watu wa Kyushu huwasha mbele ya picha za wafu wao.

Ndipo Nura akatazama kifua. Upande wa kulia ulikuwa juu ya wa kushoto.

"Mama! Nani amemuvisha Thuwaiba?"

"Ni mi," Mama Asiya akajibu toka jikoni. "Alitaka kuweka kushoto juu, kama kwa picha zako. Nikamwambia apana, sisi Waislamu kulia ndiyo inatangulia. Iko muzuri, bibi harusi wetu?"

Nura aliuangusha mfuko wa mchele. Joho lile lilikuwa la Bi Fumiko, kizee aliyempangishia chumba kule Kyushu, naye alimwachia Nura alipokufa. Nura alimwona jenezani na vazi jeupe, upande wa kulia juu, na binti yake akamnong'oneza kwamba walio hai hukunja kushoto juu. Kulia juu ni maiti peke yake, ajue kuwa ameshaagwa. Baadaye walimchoma, na ndugu wakaokota mifupa yake jivuni kwa vijiti, kipande kwa kipande.

Nura aliushika mkanda wa joho. Kofi la Thuwaiba lilimrusha hadi kwenye friji, akatema jino.

Mama Asiya akatoka mbio, mwiko mkononi. "We Thuwaiba! Unapiga dada yako?"

Thuwaiba alikuwa amelala chali sakafuni, mikono kifuani, macho wazi. Nyayo zake zilikuwa baridi kama samaki wa barafuni.

Shehe Twahiru, aliyewasomea watoto wote wa familia ile, alifika mvua ikianza. Baridi ilikuwa imempanda Thuwaiba hadi magotini. Shehe alipiga goti, akaanza kusoma, na Thuwaiba akafungua kinywa, akasema Kijapani, kwa adabu na sauti ya kizee.

"Inasema nini?" Shehe akanong'ona.

"Ni sauti ya bibi aliyeniachia joho. Inasema imeshavishwa, imeshaagwa. Inauliza kwa nini tunaichelewesha."

"Huyo si bibi yako wa kule. Ni jini, imefuata nguo."

Akamshika Thuwaiba kichwani. Vidole viwili vya msichana vikainuka, vimenyooka kama vijiti, vikaubana mkono wa Shehe, na mfupa ukalia kaa! Shehe akapiga yowe. Vidole havikuachia, vilipinda, vikavuta, mpaka ncha nyeupe ya mfupa ikatokeza kwenye ngozi.

Baridi ilikuwa kiunoni.

"Mama, kunja kushoto juu!"

"Kushoto? Mi nimuvishe mutoto wangu kama shetani?"

"Umemuvisha kama maiti!"

Nura akajitupa mwenyewe juu ya joho, akaukunja upande wa kushoto, ukarudi. Akaukunja tena, ukarudi, huku kile kitu kikicheka taratibu. Kikasema neno moja refu. Nura akageuka, damu ikimtoka mdomoni.

"Inasema aliyemuvisha ndiye ageuze."

Mama Asiya alimtazama bintiye, midomo inageuka rangi ya majivu, kifua hakipandi tena, akatupa mwiko, akatambaa huku akisema bismillahi, bismillahi, akapeleka mkono wake wa kulia kwenye lile joho, na meno ya Thuwaiba yakaudaka na kuzama hadi kwenye mifupa, lakini mama hakuuondoa, aliuacha utafunwe pale pale, na kwa mkono wa kushoto, ule ambao maisha yake yote hakupata kumpa nao mtu hata glasi ya maji, akaushika upande wa kushoto, akauvuta juu, akaukandamiza kwa uzito wake wote mpaka meno yakaachia.

Thuwaiba akatapika jivu. Akakohoa, akalia.

"Mama, mbona uko na damu?"

Joho walilichoma. Ijumaa Thuwaiba aliolewa, na Shehe akasoma dua mkono ukiwa kwenye plasta. Ila mkono wa kulia wa Mama Asiya, ingawa vidonda vilishonwa na daktari akasema damu inapita vizuri, ulibaki baridi, hauinuki.

Jumamosi mchana mama alipitiwa na usingizi kwenye mkeka. Nura alikaa kando yake, akawa anaukanda ule mkono kwa kitambaa cha maji ya moto. Vidole viwili vikanyooka. Vikalishika pindo la kanga kifuani mwa Nura, upande wa kulia, vikalivuta juu ya lile la kushoto, vikalilainisha polepole, kwa upole, kama mtu anayemvisha mtoto.

Mama Asiya alikuwa anakoroma.