Slaidi Nyeupe ya Shangazi

"Sindano, toka ukumbini. Muuaji yuko kwenye maegesho. Toyota nyeusi. Umenipata?"

"Nimekupata, Mkuu."

"Basi toka."

Sindano hakutoka.

Alisimama nyuma kabisa ya ukumbi wa mkutano, kando ya meza ya mitambo, beji ya mhudumu kifuani, redio ya Mkuu sikioni na bastola ya Glock 19 kiunoni, chini ya koti. Taa zilikuwa zimezimwa na mapazia mazito yamefungwa. Mwanga pekee ulitoka kwenye projekta ya Epson. Jukwaani, mkaguzi mkuu wa forodha alikuwa akieleza jinsi makontena ya dawa bandia za watoto yalivyopitishwa bandarini kwa jina la vipuri vya baiskeli.

Mkaguzi huyo alikuwa shangazi yake.

Ndiye aliyemlea. Na kama genge lililoleta dawa hizo lingefaulu, asingemaliza hotuba yake akiwa hai.

Jana jioni Sindano alimsihi aahirishe. Shangazi hakuinua hata macho kutoka kwenye kompyuta.

"Watoto wamekufa kwa hizo dawa, mwanangu. Niahirishe, niwaambie nini mama zao? Kwamba naumwa tumbo?"

"Shangazi, hawa watu hawatanii."

"Kwani mimi natania? Hebu njoo unionyeshe hii mandharinyuma inabadilishwaje. Nyeupe inanichoma macho."

Wakakaa mezani wakizipaka slaidi zote bluu iliyokolea, maandishi ya njano. Shangazi alichagua rangi kama anayechagua kitambaa cha harusi. Hii imepauka, hii ina makelele, haya, hii ndiyo.

Sasa Sindano alitupia jicho kompyuta ya fundi mitambo. Slaidi zilijipanga pembeni, ndogondogo. Bluu. Bluu. Bluu.

Ya tisa, nyeupe pee.

Akainamia kioo cha kompyuta.

Slaidi ya tisa ilikuwa mchoro wa njia ya makontena. Alikuwa amemwona Shangazi akifanya mazoezi: akifika hapo huacha meza yake, husimama mbele ya skrini na kuonyesha kwa kidole. Ukumbi giza, nyuma yake nyeupe. Mwenye bunduki angemwona kama nzi kwenye kikombe cha maziwa.

Kumbe Toyota ya nje ilikuwa danganya toto.

"Mkuu, yumo ndani."

"Taarifa zetu zinasema nje. Toka. Hiyo ni amri."

"Basi amri itanisubiri."

Shangazi alikuwa amefika slaidi ya saba.

Sindano akaketi kando ya fundi, mwanamume mwenye tai ya kipepeo na marashi ya kuumiza kichwa.

"Nani kabadilisha rangi?" akanong'ona.

"Rangi gani, dada? Mimi nabonyeza tu."

Mdomo wa Glock ukamgusa ubavuni.

"Ya tisa."

"Waliniambia nyeupe inaonekana vizuri." Jasho lilimtiririka. "Wakaniachia bahasha. Sikuuliza."

"Yuko wapi?"

"Sijui. Haki ya Mungu sijui."

Pingu. Mkono mmoja wa fundi, mguu mmoja wa meza.

Slaidi ya nane.

Angeweza kuizima projekta. Lakini muuaji angejua amegunduliwa na kumimina risasi jukwaani kwa kubahatisha. Ilibidi ionekane kosa la kawaida, yale ya kila mkutano, ambayo watu huyacheka na kusubiri.

Akachukua rimoti ya projekta, akaigandisha picha. Kwenye skrini kubwa slaidi ya nane ikabaki palepale. Kwenye kompyuta, mshale ukakimbia. Mkono wa kushoto Glock, wa kulia kipanya.

Muundo. Mandharinyuma. Rangi moja. Nyeusi.

Tumia kwa slaidi zote.

Kompyuta ikaanza kuzungusha kiduara chake.

"Fanya haraka, shetani wewe," Sindano akaiambia.

Shangazi alikuwa ameacha meza yake. Hatua moja. Nyingine. Akafika mbele ya skrini.

Kiduara kikapotea. Sindano akarudisha onyesho, akaigandua picha. Shangazi akabonyeza.

Giza totoro.

Mchoro, ambao fundi alikuwa ameugeuza mweusi ili usomeke kwenye nyeupe, ulimezwa wote. Watu wakaguna. Mmoja akacheka.

"Jamani, umeme?"

"Umeme upo," Shangazi akasema kwenye kipaza sauti. "Slaidi ndiyo imenisusia. Haidhuru. Njia hii naijua kwa kichwa, na jina la mwenye mzigo nalijua vilevile. Subirini nifike."

Sindano alitamani kumkumbatia na kumziba mdomo kwa wakati mmoja.

Kwenye kiti cha mbele alikaa Mfadhili, mwagizaji mkubwa wa dawa, aliyelipia ukumbi. Akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu. Hayakuwa mafua; ilikuwa ishara.

Nukta nyekundu ikatua kwenye skrini.

Leza. Muuaji alikuwa haoni kitu, na jina lilikuwa njiani kutajwa. Nukta ikateleza taratibu, ikiifuata sauti.

Sindano akageuka. Juu, kwenye kibanda cha wakalimani ambacho siku hiyo hakikuwa na kazi, kijicho chekundu kiliwaka nyuma ya kioo.

Ngazi. Tatu tatu. Mlango. Teke.

Mgeni mrefu mwenye glavu akageuka na bunduki yake. Ikakohoa kupitia kiwambo cha sauti, risasi ikatoboa dari. Kiwiko cha koo. Goti la tumbo. Kitako cha Glock nyuma ya sikio.

Akaenda chini mzima mzima.

"Huko juu kuna nini?" Shangazi akauliza.

"Panya, Shangazi! Endelea!"

"Mkubwa?"

"Ameshalala!"

"Basi washeni taa. Nataka mwenye mzigo anitazame usoni."

Taa zikawaka. Shangazi alinyoosha kidole.

"Yule pale. Aliyetunywesha chai asubuhi."

Mfadhili akainuka, akafunga vifungo vya koti, akaelekea mlangoni kwa mwendo wa mtu anayejizuia asikimbie. Sindano alikuwa amefika kabla yake, ameegemea mlango, bunduki ya leza begani.

"Unajua mimi ni nani?"

"Ndicho tunachoelezwa sasa. Rudi ukakae, mzee. Hajamaliza."

Mfadhili akatazama Glock mkononi mwa Sindano. Akarudi. Akakaa.

"Sindano!" redio ikapayuka. "Toyota ni tupu!"

"Leteni pingu, Mkuu. Zangu zimeshapata mtu."

Vijana wa Mkuu walipoingia mbio, Sindano akawakabidhi bunduki, akawaonyesha ngazi, meza na kiti cha mbele. Kisha akavaa miwani yake ya jua, akasukuma mlango, akatoka bila haraka.

Nyuma yake kipaza sauti kilikwaruza.

"Sasa," Shangazi akasema, "tuanze upya. Slaidi ya kwanza."