Uso wa Lastri

Picha ilikuwa imekauka miaka mingi, lakini mchana ule Bu Tumini alipoingia jikoni kwake, Yogyakarta, aliikuta inanuka rangi mbichi na maua ya kenanga. Marehemu mumewe ndiye aliyeichora: binti yao Lastri, ameketi kisimani. Hakuna aliyewahi kuitaka. Moshi wa jiko uliipaka masizi, ikasahauliwa, mpaka asubuhi hiyo mgeni wa shemeji yake Darto alipoikazia macho na kuisifu.

"Ibu," Lastri alimnong'oneza mama yake, "kuna mtu ananipumulia shingoni."

Mganga, Mbah Karso, aliitupia jicho mara moja akageuza uso. Alisema mchoraji aliomba kwa jini kazi yake ijulikane, na chakula cha jini huyo ni macho ya watu. Humo jikoni, bila wa kuitazama picha, jini alikuwa amefunga kula.

"Ifunikeni, mniletee niizike," alisema. "Kila anayeitazama anammega binti yako."

Waliifunika kwa batiki. Kabla haijafika kwa mganga, Darto aliichukua akaiuza kwa ukumbi wa maonyesho ya picha, Jakarta. Bu Tumini alipomfuata akilia, alicheka tu.

"Shemeji, kaka alikufa akilililia jina. Nimempatia. Sasa wewe walia nini?"

Huko ikaibwa ukumbini, na kwa wizi huo magazeti ya dunia nzima yakachapa uso wa Lastri, watu wakapanga foleni kuutazama ukuta mtupu, na picha ilipopatikana, foleni ikalizunguka jengo, uso ukatiwa kwenye vikombe na fulana, na kadiri ulivyotazamwa ndivyo Lastri alivyofifia, kwanza sauti, kisha kivuli, kisha majirani wakawa wanampita mlangoni bila kumwona, hadi asubuhi moja mama yake alimpelekea uji kitandani akakuta shuka limebonyea, lina joto bado, na hakuna mtu.

Bu Tumini akaenda Jakarta. Mkuu wa ukumbi alimsikiliza kwa adabu, akamjibu kwamba picha ile sasa ni ya walimwengu, haifunikwi. Wataalamu walikuwa wakiusifu uso: kana kwamba unapumua.

Akaenda akaipa picha mgongo, akawasihi watu wafumbe macho. Wakampiga picha na yeye.

"Sogea, Ibu," mlinzi akamwambia taratibu. "Wenzako hawajaona."

Nyuma yake ikamwita sauti aliyoilea mwenyewe.

"Ibu, mbona hunitazami?"

Akageuka.