Pikapu Iliyotikisa Kichwa

Nyumbani kwetu, kikivunjika kitu kinafungwa kwa mpira. Mume wangu hukata tyubu kuukuu vipande virefu vyembamba. Anavuta, anazungusha, anafunga. Mguu wa kiti una mpira. Mpini wa jembe una mpira. Mlango wa banda la kuku una mipira mitatu. Majirani walimpa jina la Bwana Mipira, naye analipenda. Simcheki. Mpini ule wa jembe una miaka sita na haujachomoka.

Sisi tunafuga kuku na kuuza mayai. Tuna pikapu ya zamani, zile zilizoinuka juu, ambazo magurudumu yote manne yanavuta. Imezeeka, lakini kwenye tope haina mpinzani. Kila Alhamisi asubuhi tunapakia trei za mayai nyuma. Mbele tunakaa watatu: mume wangu kwenye usukani, mama yake katikati, mimi mlangoni. Mayai yanashuka sokoni. Mama mkwe anaendelea hadi kliniki ya macho.

Jicho lake moja limeshapofuka kwa presha ya macho. La pili daktari analipigania. Alituambia wazi kwamba mama akikosa kliniki, na hilo litakwenda. Mabasi hayafiki kwetu. Tegemeo letu ni pikapu ile tu.

Ilianza sauti. Kila tukipita shimo nilisikia ko, ko, chini ya miguu yangu. Mimi ni mfuga kuku. Kuku mmoja akikohoa kati ya mia mbili, namsikia. Nikamwambia mume wangu. Akasema ni uzee wa gari. Nikamwambia tena na tena, mpaka akachoshwa na mdomo wangu. Jumapili moja akaingia chini ya gari na mpira wake. Akakuta chuma kirefu kinacheza upande mmoja. Akakizungushia mpira raundi ishirini.

Sauti ikakoma. Akatoka na vumbi mgongoni, uso umemchangamka kama bwana harusi. Akaniuliza kama bado nasikia kitu. Nikasema sisikii. Na kweli sikusikia.

Wiki tatu baadaye tulikuwa kwenye lami, mwendo wa sabini. Tairi la mbele likagonga kiraka cha barabara. Usukani ukatetemeka. Kabla sijauliza kuna nini, ukawa unarukaruka mikononi mwa mume wangu, kushoto kulia, kushoto kulia, kwa kasi isiyohesabika. Pua yote ya gari ikatikisika. Mume wangu akakanyaga breki kwa nguvu, na gari likavuta kuelekea mtaroni. Mama mkwe alinishika goti. Sikujua kama mkono wa kizee una nguvu zile.

Tulisimama nusu mita kutoka kwenye mtaro. Trei kumi na moja za mayai zilikuwa uji. Niliogopa sana. Sijifanyi shujaa. Nililia pale pale kando ya barabara, na magari yanapita.

Muuza spea alimwambia mume wangu kwamba ugonjwa huo unajulikana, abadilishe shokapu ya usukani tu, kile kifaa kinachopunguza mtikisiko. Akanunua, akafunga. Alhamisi mbili gari lilitulia. Ya tatu, tukiwa tunatoka kliniki, mwendo ule ule wa sabini, likaanza tena kutikisa kichwa. Safari hii tulirudi nyumbani kwa mwendo wa baiskeli. Mama mkwe alikuwa ananong'ona dua njia nzima.

Tulipofika nilimwambia mume wangu maneno mawili tu. "Baba watoto, mama hapandi tena gari hili likiwa hivi. Na kliniki hakosi."

Nyumba ya nne kutoka kwetu anakaa Mama Spana. Ametengeneza magari ya mradi wa maji miaka kumi na minane, yote ya aina hiyo ya kwetu. Mume wangu hakutaka kumwita. Alisema analijua gari lake kuliko mtu yeyote. Nikamwacha na ujuzi wake, nikaenda mwenyewe.

Mama Spana alikuja mchana na begi moja dogo. Nilidhani ataingia chini ya gari moja kwa moja. Hakuingia. Aliweka begi chini, akaanza kuuliza maswali kama daktari. Linaanza mwendo gani? Linaanza lenyewe, au mpaka ligonge kitu? Kitu gani kimebadilishwa? Mume wangu alijibu kwa mkato. Aliposikia habari ya shokapu, Mama Spana alitabasamu. Alisema shokapu ya usukani ni kama dawa ya maumivu. Inatuliza, haitibu. Ukiona imetuliza, ujue kuna kitu kingine kimelegea.

Kisha akazunguka matairi. Akapima upepo. Moja lilikuwa na upepo mdogo kuliko mwenzake. Ndani ya rimu ya kulia tope lilikuwa limekauka, gumu kama tofali. Akalikwangua lote. Alisema tairi lenye uzito upande mmoja linaweza kuanzisha mtikisiko. Lakini gari lenye viungo vizima huutuliza lenyewe. Lenye kiungo kilicholegea huukuza.

Tukasogeza gari mahali tambarare. Akavuta breki ya mkono, akaweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Akaniambia nikae kwenye usukani, niwashe injini, gia iwe huru.

"Dada, usizungushe sana. Sogeza kidogo kushoto, kidogo kulia, bila kuacha," alisema. "Na magurudumu yabaki chini, yabebe uzito wake. Kiungo kilichochoka hujificha gari likining'inia."

Mimi nikasogeza. Yeye akalala chini upande wa mbele, mbali na magurudumu, akamwita mume wangu alale karibu yake. Nilikuwa nawasikia kupitia sakafu ya gari. Hakumwonyesha kwa macho. Alimshika mkono, akauweka kwenye kiungo cha kwanza. Akamwambia asikilize kwa vidole. Kiungo kizima, pande zake mbili husogea pamoja. Kilichochoka, upande mmoja huondoka na mwingine huchelewa.

Walipita kiungo kwa kiungo. Cha kwanza kizima. Cha pili kizima. Kwenye tairodi ya kulia, chuma kinachopeleka usukani kwenye gurudumu, mume wangu akasema mwenyewe kwamba hapa panachelewa kidogo. Nilisikia sauti yake imebadilika. Alikuwa ameanza kunogewa.

Halafu wakafika kwenye chuma kile kirefu. Kazi yake ni kuishika ekseli ya mbele isiyumbe kushoto na kulia. Mpira ulikuwa umekaa safi, umevutwa vizuri. Lakini mume wangu aliweka kidole, akakiondoa, akakirudisha. Ndani ya mpira, chuma kilikuwa kinacheza.

Mama Spana akaniambia nizime injini. Akampa mume wangu kisu. Akakata mwenyewe raundi zake ishirini. Bushi, ile raba ya ndani ya kiungo, ilikuwa imesagika, imebaki unga mweusi. Tundu la bolti, ambalo hutakiwa kuwa duara, lilikuwa limepanuka kama yai.

"Lakini sauti ilikuwa imekwisha," mume wangu alisema.

"Hukufunga chuma, shemeji. Ulifunga masikio ya mkeo."

Mume wangu alikaa chini na kile kipande cha mpira mkononi. Nilimwona anatazama mlango ambao mama yake hupandia. Hasira yangu yote ikaniisha. Alikuwa amefanya kwa nia njema, na kwa nia hiyo hiyo alikaribia kutuua.

Mama Spana hakumwacha akae sana. Alimwambia kazi haijakwisha, kwa sababu gari kama hili mara nyingi huwa na ugonjwa zaidi ya mmoja. Wakainua upande wa mbele kwa jeki, kisha wakaweka stendi za chuma chini ya ekseli. Alirudia jambo hilo mara mbili: jeki ni ya kuinua, si ya kutegemea. Akashika tairi juu na chini, akalisukuma na kulivuta. La kushoto lilitulia. La kulia lilicheza kidogo. Beringi yake ilikuwa imelegea.

Kazi ilichukua siku mbili. Tundu lililopanuka lilijazwa kwa kuchomelewa, likatobolewa upya kwa kipimo. Bushi mpya, bolti ya saizi yake, tairodi mpya ya kulia. Beringi ikasafishwa, ikatiwa grisi, ikakazwa. Matairi yakawekwa balansi, na mwisho kabisa magurudumu yakanyooshwa yaelekee mbele sawasawa. Mume wangu alitaka kuanza na kunyoosha. Akaambiwa kunyoosha gari lenye viungo vibovu ni kupiga pasi nguo chafu.

Na sote wawili tulifundishwa la kufanya gari likitikisika tena. Shika usukani imara. Toa mguu kwenye mafuta. Usikanyage breki kwa ghafla. Acha mwendo upungue, toka pembeni, simama. Usiendelee na safari.

Alhamisi iliyofuata tulipita vile viraka kwa mwendo wa sabini. Usukani ulikaa kimya mikononi mwa mume wangu. Nami nilicheka peke yangu hadi sokoni.

Tangu hapo, kila Jumatano jioni mimi nakaa kwenye usukani, yeye analala chini. Wiki moja mvua ilitunyima nafasi, tukaacha. Alhamisi asubuhi mayai yameshapakiwa, mama ameshakaa katikati, mume wangu akasema tushuke kwanza. Nikamkumbusha saa. Akasema tushuke. Akalala kwenye tope na shati lake la safari, akapapasa kiungo kwa kiungo. Nati ya tairodi ilikuwa imeanza kujifungua, kwa sababu ile pini inayoizuia ilikuwa imekatika. Alikwenda kumwita Mama Spana mbio mbio. Ikawekwa pini mpya, nati ikakazwa, ikakaguliwa tena.

Tulifika kliniki saa moja na nusu nyuma ya muda. Nesi alikuwa amesimama mlangoni na faili la mama. Alimsema mume wangu mbele ya watu, kwamba mgonjwa wa presha ya macho hacheleweshwi, na mtu mzima anapaswa kujua hivyo. Mimi nilitaka kumjibu. Mume wangu, ambaye hajawahi kukosa jibu, alitazama mikono yake yenye grisi.

"Tumechelewa, dada," alisema. "Lakini tumefika."

Nesi alimtazama, akaitazama na ile mikono. Kisha akamshika mama kiwiko, akamwingiza ndani kwa daktari.