Sanduku la Pampu

ALKHAMISI, SAA 10:15 ALASIRI

Mmanga alichora kwa mkaa kwenye sakafu, uani kwa fundi seremala, Jang'ombe. Bomba. Ngazi. Chumba cha pampu. Mlango.

"Bomba linatoka mtamboni mpaka baharini. Jipya, kavu, mtu anapita kainama. Jumatatu ndo wanafungulia maji machafu ya mji mzima. Sisi tunatangulia."

Walikuwa watatu. Mmanga, bosi. Majid, anayechomea vyuma kwenye mradi wa mtambo huo. Jecha, ambaye hakuna nati iliyowahi kumshinda.

Wanataka sanduku moja la chuma, kubwa kama begi la safari. Ndilo linaloamrisha pampu. Bila hilo mtambo wote mabati matupu. Kuagiza jengine, miezi minane. Wenye mradi watalikomboa tu.

"Kesho Ijumaa, saa saba. Wanaume wangapi wanabaki pale?"

"Hata mmoja," Majid akajibu. "Mpaka mlinzi anakwenda kuswali."

Jecha akafungua mdomo. Akaufunga.

"Una neno, weye?"

"Sina, kaka."

Aliyekataa kazi ya Mmanga mara ya mwisho walimkuta Mbweni, kwenye magofu, viatu viko mbali naye. Jecha hakukataa.

Lakini masika iliyopita vyoo vya mtaa vilifumka. Uchafu ukaingia chumbani kwake, ukapanda mpaka kitandani. Binti yake Ummy, miaka minne, aliharisha siku mbili. Ya tatu wakamzika. Masika nyengine imebaki wiki tatu.

IJUMAA, SAA 6:50 MCHANA

Waliingilia mdomo wa bomba, ufukweni. Bahari inajaa. Bamvua, maji yanayojaa kupita siku zote.

"Saa saba na nusu mdomo huu unazama," Majid akasema. "Tukichelewa, hatutokei hapa."

"Una ufunguo wa mlango wa juu?"

"Nnao. Nimeuchonga mwenyewe."

Wakainama. Giza likawameza.

SAA 7:04

Chumba cha pampu. Kimya. Nati nane.

Jecha akaanza. Moja. Akaifuta spana. Akaitia mafuta. Mbili.

"Yakhe, unafungua nati au unamvua bibi harusi hereni?" Majid akacheka. Peke yake.

"Zina kutu."

"Kitu kipya kina kutu?" Mmanga akauliza, taratibu sana.

Jecha akahamia nati nyengine. Tatu.

SAA 7:31

Ya nane ikaanguka. Chini, ndani ya bomba, kitu kikanguruma.

Mmanga akamulika kwa simu. Maji. Yanapanda ngazi, kidato kwa kidato.

"Mlango!"

Majid akazungusha ufunguo. Kitasa kikaitika. Mlango haukutikisika. Kwa nje kuna komeo.

"Nani kalitia?"

"Mie," sauti ikajibu, ya mwanamke wa makamo. "Bi Kulthum, niko zamu. Polisi nshawapigia. Wanatoka msikitini sasa hivi."

Mmanga akamkaba Majid koo. "Si ulisema hakuna mtu!"

"Uliniuliza wanaume, bosi! Wanaume!"

Kila Ijumaa ndo hivyo. Wanaume wanakwenda kuswali, wanawake wanabaki na mtambo. Mmanga alihesabu kofia, hakuhesabu mabuibui.

Akamwachia Majid. Akageuka polepole.

"Weye ulijua."

Maji magotini. Jecha akalipandisha sanduku kichwani, mikono miwili.

"Bi Kulthum jirani yangu, zamu zake nazijua," akasema. "Ndiye aliyemuosha Ummy."

"Lete hilo sanduku nilitose, tukose sote."

"Sileti."

Kisu cha Mmanga kikamwingia ubavuni. Kikatoka. Kikaingia tena. Majid akapiga kelele, akaugonga mlango kwa ngumi. Maji yakawa mekundu, yakafika kiunoni. Jecha akauegemea ukuta. Mikono hakuishusha.

Nje, buti zikaja mbio. Komeo likalia. Mwanga ukaingia.

Polisi walimrukia Mmanga. Bi Kulthum aliwapita, kalikunja buibui, miguu ndani ya maji.

"Mwanangu Jecha..."

"Lipokee, bibi," akasema. "Halikurowa."